ALIKARIBIA KULA MIAKA 120 JELA KWA KUAZIMISHA KOMPYUTA ZISIZO ZAKE: Historia ya ruhusa, kutoka Georgia hadi Karatu

Kuna jamaa mmoja wa jimbo la Georgia, Marekani, ambaye mwaka 2001 alijikuta anakodolea macho kifungo ambacho hakuna binadamu angeweza kukimaliza. Miaka 120. Hakuua mtu, hakuvunja benki, hakuuza unga. Alikuwa mtunza kompyuta katika chuo cha ufundi, na kosa lake ni kwamba aliweka kiprogramu kidogo kwenye mashine za chuo bila kumuuliza mtu.

Kiprogramu chenyewe kilikuwa cha mradi unaoitwa distributed.net. Kompyuta ikikaa bure, mwenyewe ameenda kunywa chai, kinaamka na kuanza kupiga hesabu. Kilikuwa kinajaribu kubahatisha ufunguo wa msimbo wa siri, shindano lililowekwa na kampuni ya usalama ya RSA, na maelfu ya watu dunia nzima walikuwa wanachangia mashine zao kwa hiari. Hakuna faili la mtu lililoibiwa. Lakini mtandao wa chuo ulipigiwa hesabu ya senti 59 kwa kila sekunde, na bili ikavuka dola 400,000. Mashtaka yakawa manane, kila moja lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Piga hesabu mwenyewe.

Januari 2002 kesi ikaishia kwenye makubaliano: mwaka mmoja chini ya uangalizi, dola 2,100, na saa 80 za kazi za jamii. Miezi sita baadaye, tarehe 14 Julai 2002, ule ufunguo ukapatikana. Aliyeupata ni kompyuta moja ya kawaida kabisa mjini Tokyo. Na kwa sababu ya hitilafu kwenye seva, jibu likakaa pale karibu mwezi mzima bila mtu kugundua! Watu zaidi ya 330,000 walikuwa wameshiriki, na wengi wao hakuna anayewajua kwa majina.

Sasa kitu cha kushika hapa ni kimoja. Yule jamaa alikuwa na pasiwedi. Alikuwa ndiye admini, mashine zilimtii, hakuna iliyomwambia "huna ruhusa". Kwa macho ya kompyuta alikuwa halali kabisa. Kwa macho ya mwenye mali, hakuwa. Historia yote ya programu hizi za kujitolea, pamoja na zile hitilafu zinazowatesa watu mpaka leo kwenye kompyuta za pamoja, inazunguka kwenye pengo hilo.

Wakati jamaa anaweka vitu vyake, umaarufu wa mambo haya ulikuwa juu. Tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley kilikuwa kimeanzisha SETI@home, programu ya kutafuta dalili za viumbe wa sayari nyingine kwenye mawimbi ya redio yanayotoka angani. Mamilioni wakajiunga. Ilikuja kama picha ya kupendezesha skrini mashine ikipumzika, kwa hiyo watu waliiweka nyumbani, ofisini, shuleni, popote. Na ofisini na shuleni ndipo balaa lilipoanza. Mwaka 2009, huko Arizona, msimamizi wa kompyuta za wilaya moja ya shule aliachia ngazi baada ya kukutwa SETI@home imejazwa kwenye maelfu ya mashine. Wilaya ikadai imepata hasara ya zaidi ya dola milioni moja za umeme na uchakavu. Yaani kutafuta tu viumbe wa angani!

Watu wa Berkeley tangu 2002 walikuwa wanatengeneza programu nyingine ya kubeba miradi mingi kwa pamoja, jina lake BOINC. Na mmoja wa miradi iliyopanda humo unatugusa sisi kuliko viumbe wa angani.

Ulikuwa unaitwa MalariaControl.net. Ulianza majaribio mwaka 2005 na kufunguliwa kwa umma 2006, chini ya mpango wa Africa@home, ukiwashirikisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, kituo cha CERN na Chuo Kikuu cha Geneva. Kompyuta za watu zilikuwa zinaigiza kijiji kizima: watoto wanazaliwa, mbu wanauma, mmoja anaugua, mwingine anajenga kinga, wote wanapewa vyandarua, je nini kitatokea baada ya miaka 20? Kigezo kimoja kinabadilishwa, hesabu inarudiwa, mara nyingi ajabu. Kwenye majaribio tu, watu 500 wa kujitolea walifanya kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150.

Na vipimo vya kulishia hiyo hesabu vilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka hapahapa Tanzania. Waswisi wapo Ifakara tangu 1957, na mtindo wa mbu kuongezeka na kupungua kwa misimu uliotumika kama mfano ulitoka Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero. Maana yake kuna familia pale zilizokubali mitego ya mbu ining'inizwe ndani ya nyumba zao usiku, na wageni waje asubuhi kuhesabu. Majina yao hayapo kwenye tovuti yoyote. Lakini waliulizwa kwanza, wakakubali. Ndiyo tofauti yao na kile chuo cha Georgia.

Sasa njoo Karatu. Mjini ni juu, baridi, wengi wanaona malaria ni ishu ya watu wa mbali. Shuka Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, kwenye joto na mifereji ya vitunguu, uone kama wanasema hivyo. Na kompyuta za Karatu nyingi ni za pamoja: maabara ya shule, steshenari ya kuchapisha na kutoa kopi, ofisi ya loji ambapo mapokezi, mhasibu na mtu wa kupanga safari wanapokezana mashine moja. Kila mtu ana akaunti yake, au wote wanatumia moja na pasiwedi imebandikwa ukutani.

Mtu akiweka BOINC kwenye mashine ya namna hiyo, hadithi huwa ileile. Siku ya kwanza kila kitu kinaenda. Kesho anaingia mwenzake kwa akaunti yake, anaifungua, anaambiwa haruhusiwi kuisimamia. Anadhani imeharibika, anaifuta, anaweka upya, anaharibu zaidi. Kumbe haijaharibika.

Dereva yeyote wa utalii wa Karatu angeelewa hili haraka kuliko mtaalamu, kwa sababu anaishi nalo kila siku. Kupita geti la Loduare ni kibali kimoja. Kushuka kreta ni malipo mengine. Barabara ya Seneto ni ya kushukia tu, ya Lerai ni ya kupandia, na ukigeuza utakutana na askari. Halafu kuna mfugaji ambaye humo ndani ni kwao. Tangu eneo litenganishwe na Serengeti mwaka 1959 anaruhusiwa kuishi na kuchunga, lakini kulima kulipigwa marufuku 1975, kukaja kuruhusiwa kiasi miaka ya 1990, kukakatazwa tena. Kwa hiyo kuwa ndani ni jambo moja, na unachoruhusiwa kufanya ukiwa ndani ni jambo jingine kabisa. Hilo la mfugaji ni zito kuliko kompyuta na watu wanaumia nalo, ila kanuni ya mafaili imejengwa hivyohivyo: kuna ruhusa ya kusoma, ya kuandika na ya kuendesha, na kila moja inatolewa peke yake.

Zamani SETI@home haikuwa na magumu hayo. Iliendeshwa kwa jina la yeyote aliyeiwasha, na akitoka kwenye akaunti yake kazi inasimama. Hatari yake ni kwamba kazi inayotoka kwenye intaneti ilikuwa na nguvu zilezile alizonazo mtumiaji. Akiwa na barua za mhasibu, nayo ingeweza kuzisoma. Ndipo BOINC, kwanza kwenye Mac mwaka 2006 na kisha kwenye Windows na toleo la 6 mwaka 2008, ikajengewa uzio. Inaweza kutengeneza akaunti mbili za kwake, boinc_master ya kusimamia na boinc_project ya kufanya hesabu, na hiyo ya pili haigusi mafaili ya mtu. Uzio ukawalinda watu. Uzio huohuo ndio unaomfungia nje mhasibu asubuhi.

Kwenye Windows, mara nyingi chanzo ni kisanduku kimoja. Wakati wa kuweka programu kuna ukurasa wa mipangilio ya ziada, na humo kuna sehemu ya kuruhusu watumiaji wote wa kompyuta waisimamie. Watu hubonyeza "endelea, endelea" na kuiruka. Dawa ni admini kuendesha tena kisakinishi juu ya ileile iliyopo, bila kufuta chochote, aweke tiki, kisha mashine izimwe na kuwashwa. Asiyetaka kumruhusu kila mtu anaweza kumwongeza mmoja mmoja kwenye kikundi cha boinc_users. Na kama BOINC imewekwa kwa mtindo wa kujiendesha yenyewe nyuma ya pazia, isishangaze kadi ya picha isipoonekana. Windows za kuanzia Vista hazimpi huduma ya nyuma ya pazia kadi hiyo, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha hapo.

Kwenye Linux, ambayo shule zenye mashine nzee huipenda, BOINC ya Ubuntu na Debian inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe, anaitwa boinc, na vitu vyake viko kwenye folda ya /var/lib. Ndani yake kuna faili liitwalo gui_rpc_auth.cfg lenye pasiwedi ambayo dirisha la usimamizi linaihitaji. Mwalimu asiyeweza kulisoma faili hilo ataona dirisha tupu limekataa kuunganika. Anachotakiwa ni kuingizwa kwenye kikundi: sudo usermod -aG boinc, halafu jina lake. Kisha atoke kwenye akaunti na kuingia tena. Hilo la kutoka na kuingia ndilo linalosahaulika, halafu mtu anasema dawa haifanyi kazi.

Wakishindwa, wengi hukimbilia chmod 777, yaani kila mtu afanye anachotaka. Itafunguka, ndiyo, kama vile geti linavyofunguka ukiling'oa. Wengine huiwasha kwa sudo mara moja tu "kujaribu". Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mafaili yanayotengenezwa hapo yanakuwa mali ya root, na kesho boinc mwenyewe anakuta nyumba yake imebadilishwa kufuli. Inabidi programu isimamishwe kwanza, mafaili yarudishwe kwa mwenyewe kwa chown -R boinc:boinc kwenye folda ile, ndipo iwashwe. Kwa Mac ni rahisi zaidi: ikilalamika kwamba umiliki au ruhusa haziko sawa, mara nyingi ni kwa sababu mtu alihamisha folda kwa mkono, na kuiweka upya programu kunamaliza.

Ila yote hayo ni upande wa kompyuta. Upande wa Georgia bado upo. Kompyuta inayopiga hesabu usiku kucha inakula umeme, na steshenari ya Karatu inanunua umeme wa LUKU kwa hela ya kopi za shilingi mia mia. Kijana aliyeachiwa duka ana pasiwedi ya admini, anaweza kuweka chochote, na hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Anayepaswa kuulizwa hayumo kwenye orodha ya watumiaji. Yuko nyumbani, na mwisho wa mwezi ndiye anayejiuliza kwa nini uniti zinaisha haraka hivi. Angeulizwa huenda angekubali. Mwaka 2019 ulianza mradi wa kuigiza mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa ukubwa wa kilomita moja moja, na mwenye duka akiwa ana shamba la maharage angeweza kusema wacha mashine ikeshe.

MalariaControl.net yenyewe ilifungwa mwaka 2016. SETI@home iliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Modeli ya malaria ya Waswisi haikufa. Mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa nne zilizolinganishwa kukadiria chanjo ya RTS,S ingeokoa watoto wangapi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto.

Chanjo ilikuwa imejaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Tanzania vituo vilikuwa viwili, Bagamoyo na Korogwe. Kabla mtoto hajachomwa sindano ya kwanza, mzazi alisomewa karatasi, akauliza maswali yake, kisha akatia sahihi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba mbele ya shahidi.