Mlango wa Mto

Mahali mto unapoingia baharini Waswahili hupaita mlango wa mto. Vitabu vya jiografia vimetuletea pia delta, neno ambalo Wayunani walilitoa katika herufi yao yenye pembe tatu wakaipa nchi ya mto Naili. Si neno baya, na Rufiji yetu yalistahili. Lakini latueleza umbo la ardhi tu. Mlango waeleza kazi: ndipo pa kutokea na ndipo pa kuingilia. (Wako waandikao "mdomo wa mto", hao, kwa maoni yetu, wamefasiri tu.)

Na tuutazame Mkondoa. Hushuka milimani, ukapita Kilosa, ukatandaa katika mbuga ya Mkata na kinamasi cha Tendigo, jirani na maji yatokayo Mikumi. Kisha yote huuendea Wami, nao hutokea baharini Saadani. Hapo maji baridi hutoka. Bahari ijaapo, hasa wakati wa bamvua, maji ya chumvi huingia mtoni. Mikoko huishi kwa mchanganyiko huo.

Mwanafunzi wa Kilosa akisomeshwa delta peke yake, hudhani ni habari za watu wa pwani. Lakini mlango huwa na nyumba, na wenye nyumba ni sisi wa bara. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukabomoa makazi na reli. Udongo uliochukuliwa milimani kwetu, ule usiotua Mkata, njia yake ni hiyo hiyo ya Saadani.