Namasagali: Mji Uliozaliwa na Reli

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na aghalabu somo huishia hapo. Ni nadra kuambiwa jambo la ajabu lililofuata. Wakati ule Kisumu ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka 1902 sehemu hiyo ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo, na reli yenye jina la Uganda ikawa haina hata taruma moja katika ardhi ya Uganda.

Reli ya kwanza ndani ya mipaka mipya ilikuwa ile ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912. Ilitoka Jinja kwenda kaskazini, mwendo wa maili 60 hivi, mpaka Namasagali kando ya mto Nili. Atazamaye ramani ataona sababu yake. Kutoka Jinja mto una maporomoko na haupitiki kwa meli; kufikia Namasagali maji yametulia, na chombo chaweza kushika njia ya Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Huko mizigo ilipakiwa katika magari ya barabarani mpaka Butiaba, kisha ikaingia melini tena katika Ziwa Albert kuelekea Kongo na Sudan. Nayo pamba ya Teso na Lango ilivuka Kyoga kuja kupanda treni Namasagali.

Mji huo, basi, ulipata uhai kwa sababu safari ilikatika pale. Kila robota la pamba lilihitaji mikono ya kulishusha na kulipandisha tena, na karani wa kuliandika. Watu wa kazi hiyo walikuwa wa makabila mbalimbali, na katika reli Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelewana kazini. Hata Waganda, ambao wengi wao hawakukipenda Kiswahili, waliita treni *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi. Na neno gari sisi wenyewe tulikwisha kulipokea kutoka Bara Hindi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba treni iliutua mzigo kichwani mwa mkulima. Pamba ilipaswa kwanza kufika stesheni. Tena kazi ya shuruti iliyoitwa *kasanvu*, ambayo iliwalazimisha watu kuchukua mizigo ya serikali, haikukomeshwa mpaka mwaka 1922. Kwa maoni yangu baiskeli ilimfaa mwanakijiji kuliko reli, maana ilikuwa mali yake na ilipita katika vijia vya mashambani. Ndiyo iliyozaa bodaboda mpakani Busia katika miaka ya 1960, kabla pikipiki haijalirithi jina hilo.

Mwaka 1928 reli iliyotoka Kenya kupitia Tororo iliungana na ile ya Busoga huko Mbulamuti. Mwaka uliofuata tawi likafika Soroti, na mwaka 1931 daraja la Jinja likaipeleka treni mpaka Kampala. Sasa pamba ya Teso iliweza kupakiwa Soroti ikafika Mombasa bila kugusa maji ya ziwa lolote. Wenye reli walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini Namasagali ilianza kupoteza sababu ya kuwapo kwake.

Pigo la mwisho lilitoka mbinguni. Mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 zilijaza maziwa, na maji yakazifunika gati za Namasagali, Masindi Port na Butiaba. Meli iitwayo Robert Coryndon, fahari ya Ziwa Albert, ilizama Butiaba mwaka 1964. Bandari hizo hazikujengwa upya kwa kazi ile ya zamani, kwa kuwa reli ya Soroti ilikuwa imekwisha kuelekea Lira na Gulu, na mwaka huo huo wa 1964 ikafika Pakwach. Hata watu wa ng'ambo ya Nili hawakuhitaji tena njia ya maji.

Makuli na makarani walitawanyika. Majengo ya reli yakageuzwa shule ya sekondari katika miaka hiyo hiyo ya 1960, na kengele iliyosikika Namasagali tangu hapo ikawa ya kuwaita wanafunzi darasani.