Matembezi ya mashambani yanavyofaa mwili na akili msimu wa baridi

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Kiambu, Murang'a, Nyeri, Nyandarua na jiji la Nairobi huamka siku nyingi pasipo kuliona jua. Mawingu mazito hutanda tangu alfajiri, manyunyu huanguka kutwa, na wengi hujifungia nyumbani wakajifunika mablanketi. Watokao ni wale tu wanaolazimika kwenda kazini, shuleni au sokoni. Mtu akitoka kwa hiari yake kwenda kutembea mashambani au msituni, majirani humshangaa. Hata hivyo, ni katika majuma hayo ambapo mwili huhitaji matembezi zaidi.

Waswahili wa pwani huuita msimu huu kipupwe, nao Wakikuyu huuita gathano. Chanzo chake ni upepo wa kusi, ambao huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo inapopanda miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na ya milima ya Aberdare, hupoa zaidi na kugeuka mawingu ya chini yanayozuia miale ya jua kuifikia ardhi. Ndiyo maana mchana wa Julai jijini Nairobi hufikia takriban nyuzi 22 tu kwa wastani, na usiku ukashuka hadi nyuzi 12 hivi. Limuru na Kinangop, zilizo juu zaidi, huwa na baridi kupita hiyo.

Baridi hii huudhi, lakini si ya kumfungia mtu ndani. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na bado wenyeji hutoka na watoto wao kutembea thelujini. Kenya imepitiwa na Ikweta, hivyo mchana wake huwa na takriban saa 12 mwaka mzima. Mwangaza upo hata Julai, ila umefunikwa na mawingu.

Ukweli ni kwamba hatari kubwa ya msimu huu hupatikana ndani ya nyumba. Familia nyingi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga milango na madirisha ili joto lisipotee. Makaa yanapowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba damu hushindwa kubeba oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hushikwa na usingizi. Wapo wasioamka. Mtu aliyetembea kwa saa nzima hurejea nyumbani mwili ukiwa na joto lake, wala hatakuwa na haja kubwa ya kukaa juu ya jiko jioni yote.

Kuna pia imani kwamba anayepigwa na baridi hupata homa. Mafua na homa huletwa na virusi, navyo huenea kwa urahisi zaidi watu wanapokaa wengi katika chumba kimoja kilichofungwa. Kwa hivyo, mzazi anayemkataza mtoto kucheza nje kwa kuogopa homa, kisha akamweka sebuleni na binamu zake watano wanaokohoa, hajamkinga.

Faida za kutembea zinajulikana. Misuli inapofanya kazi huzalisha joto, moyo husukuma damu kwa kasi, na vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi hupata uhai baada ya dakika 10 hivi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila juma, na kutembea kwa haraka ni miongoni mwayo. Nusu saa kwa siku tano hutosha. Kwa wenye kisukari au shinikizo la damu, huu ni msimu ambapo juhudi za miezi mingi huweza kupotea kwa sababu ya kukaa, kula na kulala.

Akili nayo hunufaika. Mwangaza wa nje, hata chini ya mawingu, huuzidi ule wa sebuleni mara nyingi, na ni mwangaza wa mchana unaoiongoza saa ya ndani ya mwili ijue wakati wa kuwa macho na wakati wa kulala. Anayeshinda gizani hukosa usingizi mzuri usiku na huamka akiwa mzito wa moyo. Wajapani walilipa zoezi hili jina rasmi mwaka wa 1982, wakaliita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, ingawa hakuna maji yanayotumika wala mbio za kushindana.

Mkazi wa Nairobi hana haja ya kusafiri mbali. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, una njia za kutembea, maporomoko ya maji na mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Nusura msitu huo upotee. Profesa Wangari Maathai alishambuliwa na kujeruhiwa huko mnamo Januari 1999 akipinga kunyakuliwa kwa ardhi yake. Siku ya upepo mkali, Karura hufaa kuliko vilima vilivyo wazi kwa kuwa miti huukata upepo.

Anayetaka mashamba halisi apande matatu hadi Limuru, ambako majani-chai yalipandwa kwa mara ya kwanza humu nchini mwaka wa 1903. Upande wa Tigoni, barabara za udongo hupita katikati ya michai, na ukungu ukishuka, wachumaji huonekana vichwa na vikapu tu. Katika vipande vya msitu vilivyosalia huko huonekana mbega, wenye manyoya meusi na meupe. Magharibi mwa Limuru, nchi hukatika ghafla na kuporomoka katika Bonde la Ufa. Hapo ukingoni, hasa adhuhuri, hutokea jambo ambalo abiria wengi hulipita wakisinzia garini: mawingu huishia juu ya mteremko mithili ya ukingo wa paa, na kule chini mlima Longonot na mashamba ya Mai Mahiu yakawa yameota jua. Hewa inaposhuka bondeni hupata joto, nayo mawingu huyeyuka.

Vilima vya Ngong, vinavyofikia mita 2,460, vina mandhari ya kuvutia lakini upepo wake hupenya kila vazi. Ni vyema kwenda kwa kundi na kuandamana na askari wa misitu, kwani visa vya wizi vimewahi kuripotiwa huko. Kuhusu Elephant Hill huko Aberdare, penye zaidi ya mita 3,500, hayo si matembezi tena. Ni safari ya kutwa yenye matope, mvua na baridi inayoweza kumlemea mtu hadi akashindwa kusema vizuri, na haifai kuanzwa bila mwelekezi. Tena huko kuna ndovu na nyati.

Mavazi ndiyo huamua iwapo mtu atafurahia au atajuta. Nguo mbili au tatu nyepesi zilizopandana hushinda kabuti moja zito, maana mtembezi huweza kupunguza anapopata joto. Sweta ya sufi hufaa kuliko fulana ya pamba, ambayo ikilowa jasho hunyonya joto la mwili. Boshori, koti lisilopenya mvua na viatu vyenye meno chini havikosekani. Gambuti hufaa kwenye matope, ila huchubua miguu safari ikiwa ndefu. Maji yabebwe pia, kwani baridi humsahaulisha mtu kiu.

Wenye pumu wavute hewa kwa pua, wafunike mdomo kwa skafu na wasiiache dawa yao nyumbani. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo waanze polepole, kwa kuwa baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Ni bora wangoje hadi saa nne asubuhi hewa ipate joto kidogo. Wenye ualbino wavae kofia pana hata kukiwa na mawingu, maana miale inayodhuru ngozi hupenya, na hasa katika nyanda za juu.

Hatimaye, vijia vingi vya mashambani hupita katika ardhi za watu. Mtembezi husalimia, huomba njia, na hakanyagi viazi vilivyopandwa. Mbwa wa boma wakibweka, husimama akangoja mwenyeji atoke.