Stenti ya moyo kwa mwenye kisukari: yapi ya kuuliza

Kila tunapochanga pesa za mgonjwa wa moyo hapa Pwani, nasikia mjadala wa nauli ya India na bei ya stenti. Ni nadra mtu kuuliza ni stenti ya aina gani, na kama mgonjwa ana kisukari. Kwangu mimi, hayo mawili ndiyo ya kutangulizwa.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Hupitishwa ndani ya mshipa, kuanzia mkononi au kwenye kinena, hadi palipoziba katika mshipa unaolisha moyo, kisha hutanuliwa kwa puto. Za kwanza zilikuwa chuma kitupu. Nyama ya mshipa ilimea juu yake na njia ikaziba tena, hasa kwa wenye kisukari, ambao mara nyingi mishipa yao ni myembamba na imeharibika sehemu nyingi. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha stenti ya kwanza iliyopakwa dawa ya kuzuia nyama hiyo.

Dawa hizo ni za koo mbili. Moja ni paklitakseli, ambayo pia hutibu saratani. Nyingine ni ukoo wa sirolimasi, alimo everolimasi. Wapo waliodhani paklitakseli inawafaa zaidi wenye kisukari. Utafiti wa TUXEDO uliofanywa India kwa wagonjwa 1,830, wote wenye kisukari, ulitoa jibu mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, matibabu ya mshipa yalifeli kwa asilimia 5.6 ya waliowekewa ya paklitakseli, na asilimia 2.9 ya waliowekewa ya everolimasi. Damu iliganda ndani ya stenti kwa asilimia 2.1 dhidi ya 0.4.

Lakini hata stenti bora si jibu la kila mtu. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012 ulifuata wagonjwa 1,900 wenye kisukari walioziba mishipa zaidi ya mmoja. Kwa miaka mitano, kifo, shtuko la moyo au kiharusi viliwapata asilimia 26.6 ya waliowekewa stenti za dawa za wakati huo, na 18.7 ya waliofanyiwa baipasi. Kiharusi peke yake kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa: 5.2 dhidi ya 2.4.

Na upasuaji wa kufungua kifua haupo ng'ambo tu. Huko kwenye mashamba ya chai, Hospitali ya Tenwek ya Bomet, iliyoanza 1937 kama zahanati ya wamishonari, imejijengea jina kwa upasuaji wa moyo, hasa wa vijana walioharibika valvu. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, ulizeni kwanza huduma za humu nchini.

Aliyekwisha kuwekewa stenti asiache aspirini na klopidogreli kwa sababu amejisikia nafuu. Kuziacha mapema kwaweza kugandisha damu ghafla. Ramadhani ikikaribia, amwone daktari mapema wapange saa za dawa, na aulize kama kufunga kunamfaa.

Basi familia iulize: mishipa mingapi imeziba? Stenti imepakwa dawa gani? Kwa nini si baipasi? Dawa za kuzuia damu kuganda ni za miezi mingapi, na pesa zake zimo kwenye mchango?