Imani na Hesabu: Habari za Nchi ya Ayalandi

Yubilei ikiwadia, desturi yetu ni kuhesabu: waliobatizwa, ndoa, makanisa. Kazi hiyo ni njema. Lakini waalimu wanaoandika madaftari yetu na wasikie kwanza habari za Ayalandi, nchi iliyotupelekea mapadre na masista wengi, tena ndiko alikozaliwa Edel Quinn wa Lejio ya Maria, aliyefariki Nairobi mwaka wa 1944.

Zamani nchi ile ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka wa 1697 sheria iliwafukuza maaskofu na watawa. Mwaka wa 1704 mapadre wa parokia, zaidi ya elfu moja, wakaandikwa majina. Shauri hilo lilikuwa la hila, maana pasipo askofu hakuna wa kutoa upadre. Basi hao waliobaki wakifa mmoja mmoja, dini itakwisha yenyewe. Haikukwisha. Maaskofu walirudi kwa siri, na watu wakakusanyika mabondeni kwenye jiwe lililofanywa altare, huku mlinzi akiangalia njia. Miamba hiyo huonyeshwa hata leo. Wala Misa ile haikuwapa faida ya dunia: Mkatoliki alikatazwa kununua shamba, naye aliyeiacha dini yake aliruhusiwa.

Mwaka wa 1829 Daniel O'Connell aliwapatia Wakatoliki ruhusa ya kuketi katika Bunge. Nchi ikajitawala mwaka wa 1922, na katiba ya mwaka wa 1937 ikalipa Kanisa heshima ya pekee, iliyofutwa kwa kura mwaka wa 1972. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa Kanisa. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1961, kati ya watu 100, Wakatoliki walikuwa 95 hivi. Siku hizo aliyekosa Misa alijua kwamba jirani atamwuliza.

Yafuatayo ni machungu kuyaandika katika kitabu cha furaha, lakini kuyaficha ndilo kosa lenyewe. Mwaka wa 2009 tume za serikali zilitangaza kwamba watoto walipigwa na kunajisiwa katika nyumba za watawa na mikononi mwa mapadre, na wakubwa wakanyamaza ili kulinda jina la Kanisa. Wengi walikuwa wamekwisha kuondoka polepole. Sasa wengine wakaondoka kwa hasira.

Hesabu ya mwaka wa 2022 iliongeza neno dogo katika swali lake: dini yako ni ipi, kama unayo? Wakatoliki walikuwa 69 katika 100. Wasio na dini, 14.