Chini ya Matrela ya Byam

Picha inayopendwa ya msafara wa Wally Byam ni ile ya matrela ya Airstream, yanang'aa kama sufuria mpya, piramidi nyuma yake. Yalikuwa 41, yakatoka Cape Town mwaka 1959 hadi Cairo, yakipita Kenya na Ethiopia. Wanaosimulia humsifu Byam. Mimi huangalia magurudumu.

Kila gurudumu la trela huzunguka juu ya beringi, na aina inayotumika sana ilipewa hataza Marekani mwaka 1898. Mwenyewe ni Henry Timken, mtengeneza magari ya farasi wa St. Louis. Vigurudumu vyake vidogo vimelala mshazari, kwa hiyo vinabeba uzito wa juu na pia msukumo wa pembeni trela linapokata kona. Werevu mtupu! Ila vinataka grisi, na nati ikazwe kwa adabu: unakaza huku unazungusha gurudumu, kisha unalegeza kidogo. Ukikaza mno, beringi inaungua. Ukilegeza mno, tairi linacheza na ekseli inalika.

Fundi aliyenionyesha haya hakuwa na kipimo chochote. Kila tukisimama, anasogeza mgongo wa mkono kwenye habu. Vuguvugu, twende. Ya moto, tunafungua hapohapo, jua au mvua.

Katika picha za Byam nilizoziona, sijakuta mtu aliyepiga magoti na kopo la grisi. Nikiipata hiyo, ya piramidi nitaibandua ukutani.