Jinsi tarakilishi inavyoiga elektroni zinazokagua fuwele ikikua

MIALE ya kwanza ya jua hupita karibu sambamba na mashamba ya viazi ya Dundori, Nakuru, na kila tuta huonekana kwa kivuli chake. Adhuhuri, shamba lilo hilo huonekana tambarare.

Wanafizikia hutumia hila kama hiyo kukagua tando za fuwele, zikiwemo zile za galiamu asenidi zilizomo katika vikuza mawimbi vya simu nyingi za mkononi. Ndani ya ombwe, atomu hutua juu ya kibao chenye joto la nyuzi 600 hivi za selsiasi. Elektroni zilizosukumwa kwa volti 10,000 hadi 30,000 hupiga uso huo kwa pembe ya nyuzi 1 hadi 3 tu, kisha huangukia skrini.

Elektroni huenda kama mawimbi, jambo ambalo Davisson na Germer walilithibitisha nchini Marekani mwaka 1927. Hivyo safu za atomu huzitawanya na kuchora nukta na mistari. Hiyo ndiyo difraksheni. Mbinu ya kuziakisi juu ya uso ilionyeshwa na Nishikawa na Kikuchi wa Japani mwaka 1928.

Tabaka moja la galiamu asenidi lina unene wa nanomita 0.28, na aghalabu hukamilika kwa sekunde moja hivi. Uso ukijaa vipande vya tabaka lisilokamilika, nukta hufifia. Ukisawazika, hung'aa tena. Kuhesabu mipigo hiyo ni kuhesabu matabaka.

Mtambo wenyewe ni ghali mno. Ndiyo maana programu inayokokotoa mwendo wa kila atomu, na papo hapo kuchora picha ya skrini, ina manufaa kwa mwanafunzi wa fizikia, awe Egerton kule Njoro au kwingineko.

Lakini si kila programu ni ya kuaminiwa. Nyingine huchora tu mawimbi yanayopanda na kushuka. Nyingine hukokotoa kana kwamba kila elektroni hutawanywa mara moja, kwa kuwa hesabu hiyo ni ya haraka. Kwa hakika hutawanywa mara nyingi, na kilele cha mng'ao huweza kuwahi au kuchelewa kulingana na pembe ya kuingilia. Aliyezoea hesabu rahisi ataufunga mlango wa atomu tabaka likiwa bado na mashimo.